Bibi Harusi wa Bondeni

Katika nchi ya Shwaria hakuna kitu kinachoanza mpaka kizinduliwe. Ndiyo sheria yao, na mtu wa nje asicheke, maana imewaletea amani kubwa. Daraja la Mto Mpole lilikamilika zamani, saruji ikakauka, taa zikafungwa, lakini mgeni rasmi hajapata nafasi. Basi watu hupita chini yake, maji yakiwa magotini, huku wakitazama juu na kulisifu. Kisima cha sokoni nacho kimezungushiwa utepe mwekundu, na ukisimama karibu unayasikia maji mazuri yakichuruzika humo ndani kwa subira.

Yupo mbuzi aliyeula ule utepe wa kwanza. Wanasheria walikaa kikao, wakaona kwamba aliyeondoa utepe ndiye aliyezindua, na aliyezindua ndiye mgeni rasmi. Na kwa kuwa mbuzi hana wadhifa wowote serikalini, akawekwa mahabusu ya kata. Ilipofika Idd hakuonekana tena, na ofisi nzima ya kata ikanukia bizari.

Kwa hiyo mvua za masika zilipoanza kushindilia huko milimani, serikali haikushtuka. Wizara ya Maafa na Sherehe ilitoa tangazo redioni, kwa sauti ya mama mmoja mtaratibu kama anayesoma kadi ya mwaliko: "Wananchi wa Bondeni mnaarifiwa kwamba Maandalizi ya Mafuriko yatazinduliwa rasmi siku ya Jumamosi na Mheshimiwa Waziri. Kabla ya hapo ni marufuku mtu yeyote kujiandaa. Atakayejiandaa atahesabiwa kuwa ameitangulia serikali."

Mto Mpole hauna redio. Uliendelea kujaa.

*

Tangazo hilo lilimkuta Bi Siwema barazani kwake akikuna nazi, amezungukwa na watu kama kawaida yake. Nyumba ya Siwema haijawahi kuwa tupu. Ukitaka kujua nani amemchumbia nani, nani amehamishwa kazi na kwa kosa gani, unakwenda kwa Siwema, unapewa kigoda na kikombe cha chai, na kabla chai haijapoa umeshajua mpaka rangi ya sare ya harusi. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, huja nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Aliyemwachia Siwema amtunze ni mama yake mzazi, Bi Kibibi, mkwe wa Siwema.

Bi Kibibi miguu yake ilishastaafu, lakini mdomo ulikataa kustaafu pamoja nayo. Kutwa yuko kitandani karibu na dirisha, anawahoji wapita njia.

Masika iliyopita maji yaliingia humo ndani bila hodi. Siwema alimpandisha mama mkwe wake juu ya kabati la nguo, yeye akasimama juu ya meza amemshika miguu asije akateleza, maji yakimpiga kiunoni. Bi Kibibi alikaa kule juu kutwa nzima akiutukana Mto Mpole, serikali, na fundi aliyetengeneza kabati lenye kingo kali. Maji yaliposhuka, Siwema alimteremsha mzee, akamkausha, akaenda uani peke yake, akalia. Kisha akafuta machozi na kusema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu: "Kabatini hapandi tena."

Ndiyo maana safari hii hakungoja tangazo. Vyeti vyote na kadi za hospitali vilikuwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo juu ya fundo. Dawa za presha za bibi kwenye kopo lenye mfuniko. Maji safi kwenye madumu. Mchele darini. Makochi juu ya matofali. Na swichi kubwa ya umeme ameifunga kitambaa chekundu, ili hata mgeni aweze kuiona na kuizima.

*

Tatizo lilikuwa Bwana Tindwa, mtendaji wa kata. Huyu alikuwa kapera nadhifu mwenye suti moja iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini, na siku hiyo alikuwa akipita nyumba hadi nyumba kuhakikisha hakuna aliyejiandaa.

"Bi Siwema," alisema akichungulia sebuleni, "hili kochi limepanda matofali kwa idhini ya nani?"

"Mende, bwana mtendaji. Wamezidi."

"Na haya madumu?"

"Kiu."

"Kiu ya nani, maji yote haya?"

"Si unawaona hawa barazani? Kila mtu amekuja na umbea wake, na umbea unakausha koo."

"Na kitambaa chekundu kwenye swichi?"

"Urembo."

Sauti ikatoka dirishani: "We Tindwa! Kwani wewe huna mama? Ukimkuta mama yako juu ya kabati utamwuliza ana idhini ya nani?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, nenda."

Lakini Bwana Tindwa hakwenda. Alikaa kwenye kigoda, akapokea chai, akapunguza sauti. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwajiriwa. "Dada yangu, nielewe. Waziri anakuja. Watu wakihama, nani atapiga makofi? Kata ya jirani walizindua Wiki ya Usafi mbele ya viti vitupu. Unajua mtendaji wao yuko wapi sasa? Analinda utepe wa kisima. Na mbuzi bado wapo." Alishusha pumzi. "Kwa hiyo nimeweka mgambo pale njia panda ya kwenda Mlimani. Hatoki mtu Bondeni mpaka makofi yapigwe. Labda harusi au msiba. Hizo ni mila, serikali haiziingilii."

Mbuzi ya kukunia nazi ikanyamaza. Siwema alimtazama Bwana Tindwa kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumtazama nayo kabla.

"Ongeza chai, bwana mtendaji," alisema. "Ongeza na andazi."

*

Ijumaa asubuhi mto ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilipita migomba, likapita pipa, kisha ukapita mlango mzima wa nyumba ya mtu, komeo bado limefungwa. Wanawake wa Bondeni walijaa chumbani kwa Bi Kibibi, waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani.

"Msiba ndio rahisi," alisema Mama Tausi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema. "Tunatafuta jeneza, tunamlaza bibi, tunafunika. Mgambo gani atafunua maiti?"

"Maiti awe mama yako!" alifoka Bi Kibibi. "Mimi nitapiga chafya njiani, wabebaji wakimbie, nibaki barabarani na sanda!"

Hilo lilikuwa na ukweli wake. Watu wakaiwaza ile chafya.

"Basi harusi," alisema Siwema. "Harusi ina ngoma, ina mizigo, ina msafara. Bondeni nzima tumealikwa, tunamsindikiza biharusi kwa wakweze Mlimani. Magodoro ni ya kwake, masufuria ni ya kwake, hata kuku ni wa kwake."

"Na biharusi ni nani?"

"Wasichana wetu wote wana miguu, watatembea. Anayetakiwa kubebwa ni mmoja tu."

Macho yote yakageukia kitandani. Siwema alijiandaa kutukanwa. Bi Kibibi aliwatazama mmoja mmoja, akajishika nywele zilizobaki, akasema:

"Hina iko wapi?"

*

Jumamosi, jua halijapanda vizuri, Bondeni ilianza kuoana. Siwema alizima swichi kubwa, akafunga mtungi wa gesi, akatazama sebule yake kwa mara ya mwisho kama mtu anayemuaga mgonjwa. Nje, Bi Kibibi alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha mikono kilichofungwa kwenye miti miwili, hina mpaka viwikoni, wanja mpaka karibu na masikio, shela limemfunika gubigubi na kufungwa utepe kidevuni.

"Mama," alinong'ona Siwema, "biharusi hasemi kitu."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Ndoa ngumu hii."

Tarumbeta zikalia, vigelegele vikapaa, msafara ukapanda. Pale njia panda mgambo alinyoosha fimbo.

"Harusi gani ina magodoro mengi hivi?"

"Biharusi anapenda kulala," alijibu Mama Tausi.

"Na kuku?"

"Wa kitoweo cha mashemeji."

"Na hili sanduku, na pasi, na mashine ya kushonea, na huyu mzee mwenye baiskeli?"

"Kwani wewe hujaoa, mwanangu? Hujui vyombo vya biharusi?"

Mgambo kweli hakuwa ameoa, na aliona haya. Fimbo ilikuwa inashuka pale Bwana Tindwa alipotokea mbio kutoka uwanja wa sherehe, kwenye suti yake, ua jekundu la mapokezi kifuani.

"Bi Siwema! Turubai limesimama, viti vimepangwa, spika zinaimba, na hakuna mtu hata mmoja! Naona maji tu, yameshafika viti vya nyuma!"

"Basi mmepata wa kupiga makofi."

Kabla hajajibu, ving'ora vililia. Mheshimiwa Bakanja, Waziri wa Maafa na Sherehe, alikuwa amefika. Huyu bwana hawezi kuona umati asiupungie mkono. Wanasema hupungia mpaka foleni za hospitali. Aliposikia tarumbeta alijua ni zake. Alishuka garini, akacheza hatua kidogo, akapokea vigelegele, halafu ndipo macho yake yakatua kwa Bwana Tindwa: suti, ua kifuani, jasho usoni.

"Na wewe ndiye bwana harusi! Hongera sana, kijana!"

Bwana Tindwa alifumbua mdomo. Katika historia ya Shwaria hakuna mtu aliyemsahihisha waziri akabaki na meza yake. Akilini mwake Bwana Tindwa alimwona mbuzi, akakiona kisima.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema.

"Mgeni rasmi wenu nani?"

"Hatuna, mheshimiwa," alisema Siwema, macho chini.

Waziri alijishika kifua. "Harusi haina mgeni rasmi? Sasa watu hawa si wataishi dhambini?" Akawageukia wasaidizi wake. "Bondeni watasubiri. Hii ndiyo ya dharura!"

Basi kizuizi kikaondolewa. Mgambo waliokuwa wakizuia magodoro wakaanza kuyabeba. Gari la waziri likatangulia, polepole kwa heshima. Siwema aligeuka akatazama chini, akaona viti vya plastiki vya nyuma vimeanza kutembea. Alimsogelea mpiga tarumbeta.

"Kaka yangu, huna wimbo wa haraka haraka?"

*

Uwanja wa shule ya Mlimani uko juu na udongo wake ni mkavu. Waziri alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Ndoa ni nini? Ndoa ni miundombinu! Ina msingi, ina nguzo, na bila matengenezo ya mara kwa mara inaota nyufa!"

Makofi. Msaidizi akaleta mkasi juu ya mto wa hariri, maana waziri hasafiri bila huo mkasi. Siwema akashtuka. Hakuwa amefikiria kwamba palipo na utepe na waziri, utepe hauponi.

"Mheshimiwa, kwa mila zetu..." alianza.

Kwach! Utepe ukakatika. Shela likaanguka.

Tarumbeta zilinyamaza. Waziri alimtazama biharusi, akamtazama bwana harusi, akamtazama tena biharusi. Bi Kibibi alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi, na kimya kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mbona unanikodolea macho?" alisema. "Hujaona biharusi? Nipeni maji, hotuba ndefu kama reli!"

Lakini mtu akishakata utepe huko Shwaria hawezi kuwa amekosea, alichokizindua ndicho. Mheshimiwa Bakanja aliinua mikono.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu haibagui umri! Kijana huyu ni mfano! Ameona mbali!"

"Ameona mbali sana," alisema Mama Tausi.

Vigelegele vilikuwa bado hewani pale mngurumo uliposikika. Watu wakageuka wote. Mto Mpole ulikuwa umeingia Bondeni. Lilipita turubai la Wizara limevimba kama puto, na bango lake: KARIBU MGENI RASMI. Ikafuata meza kuu, chombo cha maua kimesimama wima juu yake. Vikafuata viti vya plastiki, safu kwa safu, kama watu waliotoka mkutanoni wanarudi makwao.

Siwema hakutazama viti. Alipita katikati ya watu akiita jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, mpaka watoto waliolala migongoni, na kila jina likaitika. Alipomaliza, alikaa kwenye mkono wa kile kiti cha biharusi.

"Wamekuja wote?" aliuliza Bi Kibibi polepole.

"Wote, mama."

"Basi wape pilau, waalikwa hawakai na njaa."

Waziri naye alikuwa amesimama ukingoni, uso umekunjamana. "Nani ameyazindua haya?"

Wasaidizi wakapekua ratiba, hawakuona jina.

"Basi hayajaanza," alisema, akageuza kiti chake kikatazama upande wa pili, akaomba sahani.

*

Redio ilitoa taarifa kwamba Bondeni hakukuwa na mafuriko, bali harusi iliyofana. Taarifa hiyo ilikuwa neema. Masika iliyopita watu walikatazwa kuzoa tope mpaka mgeni rasmi aje kuyafunga mafuriko, na alipokuja, tope lilikuwa limeshakuwa tofali. Safari hii kisichoanza hakikuwa na haja ya kufungwa.

Hata hivyo Siwema hakumruhusu mtu kushuka kabla maji hayajatoka na fundi umeme hajapita. "Mafuriko hayapo kisheria," alisema, "lakini nyaya zipo." Watoto walibaki Mlimani. Watu wazima walishuka na mabuti na fimbo, wanachoma tope kabla ya kukanyaga, na nyumba ambayo ukuta umeinama hakuna aliyeingia, hata mwenyewe awe analilia ndoo yake. Madirisha yalifunguliwa yote. Unga uliopata maji ulizikwa, hata ule ambao mfuko wake ulionekana mzima, na Mama Tausi aliuaga kwa jina. Walisugua kuta kwa sabuni, kisha kwa maji ya klorini. Maji ya kunywa yalichemshwa mpaka yakaimba. Ndani ya kochi la Siwema alitoka nyoka mdogo, akaangalia huku na huku, akaondoka zake kama mtu aliyekosea nyumba.

Chumbani, Siwema alisimama mbele ya kabati. Tope lilikuwa limechora mstari ukutani, na mstari ule ulipita juu ya kabati. Pale alipokaa bibi masika iliyopita, maji yangemfika shingoni.

Mama Tausi aliingia na ufagio, akaona anachokitazama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa la kusema. Akaweka ufagio, akamshika bega.

"Tuoshe, shoga," alisema mwishowe. Wakaosha.

Bi Kibibi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Mlimani kwenye fungate, na biharusi wa fungate hatolewi nje wala hasogezwi kwenye unyevu. Alikaa kitandani anakandwa miguu, akila maini kwa mkate wa ajemi, akipokea wageni kwa zamu.

Huko Bondeni, mlangoni kwa Siwema alisimama mtu mwenye suti iliyokunjwa mpaka magotini.

"Bi Siwema," alisema Bwana Tindwa, "kwangu kumeingia unyevu."

"Unyevu umefika wapi?"

"Madirishani."

Yeye peke yake katika kata nzima ndiye aliyelitii tangazo. Hakuinua kiti, hakufunga cheti. Kwa bahati tu, mama yake alikuwa amekwenda kwa dada yake Tindwa kusukwa nywele. Siwema alimtazama, akataka kumcheka, akasogea mlangoni apite.

"Karibu, baba mkwe," alisema, na baraza zima likaangua kicheko. Akampa mabuti na sepetu. "Usiwashe kitu mpaka fundi apite. Na godoro lililoloa usilionee huruma, tupa. Ukimaliza uje ule."

Jioni alipanda Mlimani kumsalimu mkewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeninunulia nini?"

*

Fungate ilipokwisha na kuta zilipokauka, Bi Kibibi alirudishwa dirishani kwake. Talaka aliitoa mwenyewe, hadharani, akiwa anakula muwa: alisema mume anajua kusimama kwenye mapokezi tu.

Mwaka ukapita. Mawingu yakajaa tena milimani, na yule mama wa redio, kwa sauti ya kadi ya mwaliko, akatangaza kwamba Maandalizi ya Mafuriko yatazinduliwa Jumamosi. Tangazo halijaisha, Bwana Tindwa alikuwa barazani kwa Siwema. Suti imepigwa pasi. Ua liko kifuani. Hakuyatazama matofali chini ya makochi, wala madumu, wala kitambaa chekundu.

"Nimekuja kuhusu mke wangu," alisema.

"Ulishaachwa, baba mkwe."

"Nataka turudiane. Ikiwezekana Alhamisi." Alikohoa, akakanyagakanyaga pale pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Nyuma yake, chini ya mwavuli, alisimama mwanamke mzee mwenye mkongojo, amejitanda kanga mpya. "Na mama yangu huyu, Bi Siwema... miguu imeanza kumsumbua. Sijui kama msafara utakuwa na nafasi ya biharusi mwingine."

Dirisha lilifunguka kwa kishindo.

"Mlete, mwanangu, mlete apumzike!" alipaza sauti Bi Kibibi. "Lakini hina aje na yake. Ya mwaka jana nilipaka yote!"